Siku Mashine ya Moyo Ilipokataa Kunipiga

Mwaka wa 1971, nikiwa na miaka tisa, baba alikufa na masomo yangu yakaishia pale. Kutengeneza redio njo kulinilea.

Juzi Mama Furaha, muuguzi wa kituo chetu cha afya hapa Burungu, akaniita. Mashine yao ya kushitua moyo kwa umeme ilikuwa inalia tangu asubui.

"Papa, kama imekufa nairudisha Goma, na hatutaiona tena," akaniambia.

Nikaweka betri mupya, ikanyamaza. Ningeenda zangu. Lakini mie sirudishi kitu bila kukijaribu. Mbele ya wagonjwa wote nikavua shati, nikajibandika plasta zake mbili kifuani, nikangoja inipige. Ikasema maneno ya Kifaransa yenye sikuelewa, basi.

"Imekufa," nikatangaza. "Irudishe Goma."

"Papa, inasema moyo yako iko muzima," Mama Furaha akanijibu. "Inapiga tu moyo yenye imechanganyikiwa. Weye ulitaka ikuue?"

Wagonjwa wakacheka mpaka wakashika mbavu. Akanibandua zile plasta bila huruma.

Leo niko na nyumba ya mabati, ngombe tatu, kibanda cha redio, na viraka viwili kifuani visivyo na nywele.