Ami Salim ni Mtu wa Wapi

Nakumbuka siku moja ya miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, niliketi ukumbini petu Ngamiani na kalamu mkononi, najiona mie ndiye mie. Nilikuwa msichana pekee nyumbani aliyejua kuandika herufi za Kizungu. Mwanangu, ujuzi huo nusura utukoseshe pa kulala.

Ami Salim, mdogo wake baba, alikuwa anakwenda Shihr, Arabuni, kumtazama shangazi yao mgonjwa. Sheria za uhamiaji zilikuwa zimebadilika. Zamani mtu alisafiri akarudi bila kuulizwa. Sasa lazima awe na karatasi. Karani wa bandarini alitupa fomu, akatuelekeza: "Hapa andika ni mtu wa wapi." Nikaandika Shihr. Ndivyo tulivyolelewa, tukiulizwa kwetu, tunautaja mji aliotoka babu, tena kwa maringo. Ami mwenyewe alizaliwa chumba cha pili kutoka pale nilipokaa.

Kabla Ami hajasafiri, baba alikuwa ametamka mbele ya mashahidi kwamba nyumba ni wakfu: isiuzwe, mama na sisi mabinti wanne tukae humo maisha yetu. Msimamizi awe Ami. Karatasi ya wakfu wakasema wataiandika Ami akirudi. Mara baba akaugua, akawa wa kitandani, na kaka zetu wa mama mwingine wakaanza kuleta watu kuitazama nyumba. Kadhi akasema hatii mhuri mpaka msimamizi aje akubali mwenyewe.

Kila asubuhi baba anauliza, "Salim kaja?" Mie natoka mlangoni kuchungulia njia.

Meli ikatia nanga. Ami hakuruhusiwa kushuka. Karatasi yake inasema ni mtu wa Shihr, basi ni mgeni, na mgeni sharti awe na kibali. Kesho yake meli inaendelea Unguja, naye ndani. Nilijua ni mkono wangu huo, nikaogopa hata kumwambia mama.

Nilikimbilia kwa Bi Mwanaidi, mkunga wa mtaa, nikamweleza yote huku nalia. Alinisikiliza hadi mwisho, akachukua buibui lake.

"Kwani uliulizwa kaburi la babuyo?" akasema. "Kitovu cha Salim nilikizika mie, nyuma ya jiko lenu. Haya, nipeleke kwa huyo mwenye makaratasi."

Bandarini tulimkuta karani yuleyule. Alipomwona bibi alisimama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Na wewe, wakikuuliza kwenu utasemaje? Maana nawe nilikupokea mie."

Karani akacheka kwa haya, akampeleka kwa mkubwa wake. Bibi akala kiapo, akatia dole gumba. Mie nilikaa nje, nahesabu mashua zilizokwenda melini na kurudi bila Ami. Alishuka kwenye ya tano, alasiri.

Baba aliweka sahihi huku mama kamshika mabega. Ami akafuata, kadhi akatia mhuri. Ijumaa iliyofuata baba akatutoka. Mpaka leo nikisikia meli imeingia, moyo hunienda mbio.

Nyumba yenyewe ndiyo hii tuliyokaa, nawe umeniletea fomu ya pasipoti niione, nami nakuchelewesha kwa hadithi. Sikiliza basi. Ukipewa karatasi, uliza kwanza inataka nini, ukoo au mahali ulipozaliwa, kisha ujibu hicho hicho. Sifa za babu tuzisimulie sisi hapa barazani. Na ukijaliwa kitu cha kuwaachia wanao, kiandikie karatasi ungali mzima, umtaje msimamizi, naye aweke sahihi kabla hajafunga mizigo. Usiseme akirudi. Sisi tulisema akirudi.

Lete nione. Eh, umeandika Shihr, mwanangu. Futa, uandike Ngamiani ulikozaliwa, na Mungu akufungulie njia huko uendako, akurudishe salama kwenye mlango huu.