Asali ya Mwisho ya Mzee

Saa tatu asubuhi, siku yake ya mapumziko, Bi Povu amepiga magoti jikoni kwake, sikio amelitega kwenye dumu la kioo kama mtu anayesikiliza umbea wa jirani. Ndani ya dumu mna maji ya asali yanayotakiwa kugeuka mvinyo. Kimya.

"Umekufa," anasema wifi yake, dada wa mumewe, machozi yakimlengalenga. "Siku zote hizi haujatoa hata povu. Nimwage tu?"

"Ukimwaga nakufukuza humu ndani, na kaka yako hatanizuia," anajibu Bi Povu bila kuinua kichwa.

Huo ni utani wa mawifi, lakini jambo lenyewe si la utani. Asali iliyomo humo ni ya mwisho kurinwa na baba yake wifi, mfuga nyuki aliyefariki miezi michache iliyopita. Nyuki wamehama, mizinga imebaki mitupu. Ikiharibika hii, hakuna nyingine.

Bi Povu ni mfuaji nguo katika nyumba ya wageni. Mshahara wake huishia kwenye kodi na ada za watoto. Mvinyo wa asali anaoutengeneza nyumbani ndio ulionunua meza, kabati na baiskeli ya mwanawe, na wateja huweka oda mapema. Lakini jina lake alilipata kwa aibu.

"Mara ya kwanza nilikuwa na pupa," anasimulia, akicheka mpaka mabega yanatikisika. "Mvinyo bado unachacha, mimi nikautia kwenye chupa, nikakaza vizibo kwa nguvu zangu zote, nikazificha kabatini. Zikapasuka kama fataki! Suti ya mume wangu, ile moja aliyonayo, ilirowa povu mpaka kwenye bitana."

Tangu hapo hatii mvinyo kwenye chupa mpaka uache kabisa kuchacha na mashapo yatulie chini. Dumu huliwekea kizibo chenye kimrija cha maji kidogo, hewa ipate pa kutokea kwa mapovu. Na usafi, usiseme! Vyombo huvisugua, huvisuuza kwa maji ya moto, kisha ole wake atakayevigusa. Mumewe mwenyewe hupiga hodi jikoni.

Leo anamhoji wifi yake, aliyelichanganya dumu hili mwenyewe kwake na kumletea, kama polisi. Vyombo alisafisha? Alisafisha. Alikuwa akifungua dumu kila mara? Hakulifungua hata mara moja. Hamira je, aliitia wakati gani?

"Palepale. Maji yalikuwa bado yanafuka moshi, nikaona itayeyuka upesi."

Bi Povu anajipiga kofi kwenye paji la uso. "Wifi, umeipika! Hamira ina uhai wake. Wewe ungekubali kuogeshwa kwa maji ya chai?"

Wifi anacheka bila kutaka. Kosa lina dawa, bahati nzuri. Bi Povu anafungua dumu na kunusa: halinuki uvundo, wala juu hakuna ukungu. Anaweka hamira mpya ya mvinyo kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, na wote wawili wanakikodolea macho. Taratibu, inaumuka. Anaimimina dumuni, anatikisa kidogo, anarudisha kizibo.

"Sasa mikono mbali. Anayeanza kazi hii huua kwa mapenzi. Mara afungue, mara aonje, mara aongeze sukari. Uache ufanye kazi yake."

Kesho yake jioni, wifi ndiye aliyepiga magoti. Kimrija kinatoa sauti: blu. Kimya. Blu. Anashika mdomo, kicheko na kilio vinamjia kwa pamoja.

"Sikia, wifi! Kama baba alivyokuwa akikoroma kitini akishakula!"

Bi Povu anasikiliza, na yeye macho yanamjaa. Mpango wake ni mvinyo huu ukae mwaka mzima, uive, ufunguliwe siku watoto wote wa mzee watakapokutana. Wifi anauliza kama anaweza kuonja kabla, kijiko kimoja tu.

"Mwache alale," anasema Bi Povu, akivuta pazia ili jua lisipige dumu. "Tutamwamsha mwakani, tukiwa wote."