Risala Iliyokosa Muda

Muda hautoshi, walisema. Naanzia hapo kwa sababu hapo ndipo ninapochemka mpaka leo, na nikianzia kwingine mtadhani nimepoa. Sijapoa. Muda haukutosha mtoto mmoja kusoma karatasi moja, lakini ulitosha kumzungusha mbuzi mzima uwanjani huku watu wazima wakicheza nyuma yake.

Shule yetu ni ndogo, ukipita Nkoaranga unaendelea kupanda. Darasa moja moja kwa kila mwaka, ofisi moja, na uwanja uliolala upande kiasi kwamba mpira ukitoka unaufuata migombani. Septemba ukungu unakuwa umeondoka, kahawa zimeiva, vumbi limeshika njia na vuli bado. Ndiyo miezi ya mahafali huku kwetu. Darasa la saba wakishamaliza mtihani wa taifa, kila wikiendi unasikia spika za kukodi zikilia mlimani, leo shule ile, kesho shule hii, na kila shule inataka mgeni rasmi mzito kuliko wa jirani.

Msichana ninayemsema alinijia akiwa darasa la tatu. Nyumbani kwao ni Kimeru kuanzia asubuhi mpaka kulala, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Akiulizwa swali alisimama, akaangalia dirisha, akasubiri aambiwe akae. Mwalimu mkuu wetu alisema mbele ya walimu wote, huku anakunywa chai, kwamba yule ni wa kuchunga, tusipoteze chaki. Nilimwambia chaki si za kwake. Tangu siku ile hatujawahi kupendana sana.

Alikuwa analelewa na bibi yake, na bibi huyo tulimwita shuleni mpaka tukamchosha. Aliitwa kuambiwa mjukuu hajui kusoma. Aliitwa amelala darasani. Aliitwa hana sweta la shule. Kila mara alikuja na kitenge chake kizuri, akasimama mlangoni mwa ofisi, akasemeshwa na walimu vijana ambao angeweza kuwazaa, akaitikia ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu, akageuka akapanda kwake. Hakuna aliyewahi kumpa kiti. Nami nilikuwepo, nilikuwa naona.

Sijui ni nini kilimfungua yule mtoto. Sijisifu, nilimfundisha kama nilivyowafundisha wengine. Nadhani alichoka kuchekwa. Darasa la tano alianza kusoma kwa sauti, darasa la sita akawa anawasomea wenzake, na alipofika la saba hakukuwa na wa kumfikia. Akisoma, hata wale vidume wa dawati la nyuma wanaokata kucha kwa wembe walinyamaza.

Risala ya wahitimu tuliiandika pamoja darasani. Ninyi mnajua risala zilivyo: tunakushukuru mgeni rasmi kwa kuacha majukumu yako mengi, tulianza darasa la kwanza tukiwa kadhaa, tunaomba matundu ya vyoo, tunaomba tangi la maji. Niliwaambia waongeze na ya kwao ya moyoni. Yule msichana akaleta sentensi moja, nayo tukaiweka mwishoni bila kuigusa: "Tunawashukuru waliotulea, hata wale ambao hawajawahi kuitwa hapa shuleni kwa jambo la heri." Darasa zima lilimchagua yeye asome. Sikupiga kampeni.

Nikamwambia akamwite bibi. Asubuhi yake bibi akafika, anahema, kitenge kile kile, akaniuliza kabla hata sijamwamkia, "Amefanya nini tena?"

"Shikamoo bibi. Hajafanya kitu. Siku ya mahafali atasoma mbele ya wageni wote. Tunataka uwepo."

"Naitwa kwa hilo tu?"

"Kwa hilo tu."

Nilimvutia kiti changu mwenyewe, akakaa, akaniomba nirudie kumwambia. Nikarudia. Ilibidi nijifanye natafuta kalamu kwenye droo, maana nilitaka kulia na mimi si mtu wa kulia ofisini.

Basi tukafanya mazoezi. Tuliweka meza katikati ya darasa, tukampa mvulana mmoja mnene koti langu awe mgeni rasmi, na yeye akaigiza vizuri kupita kiasi, akasinzia, akakoroma, akaamka akapiga makofi mahali pasipostahili. Tulicheka sana. Yule msichana hakupotea mstari hata mara moja. Alikuwa ameishika kichwani, karatasi aliishika kwa adabu tu.

Siku ya mahafali wageni waliambiwa waje asubuhi. Wakaja. Bibi alikuwa wa kwanza, amekaa kiti cha mbele chini ya turubai, amefunga kitambaa kipya kichwani. Mgeni rasmi, mfanyabiashara aliyezaliwa huku na sasa anakaa Engutoto mjini, hakuja asubuhi. Hakuja saa sita. Watoto walikaa juani na majoho yao ya kukodi mpaka wengine wakalala wakiegemeana. Kila nilipomsogelea mwalimu mkuu aliniambia, "Madam, mheshimiwa yuko njiani." Njia ya kutoka Engutoto mpaka huku, jamani, ingekuwa ndefu hivyo tungekuwa tunaipita kwa pasipoti.

Alasiri akafika. Hakuomba radhi. Akapewa shada la maua, akapewa soda, mwenyekiti wa kamati ya shule akasema machache ambayo hayakuwa machache. Diwani naye akasema. Mchungaji akaomba, naye simlaumu, aliomba kwa kifupi. Halafu nikaona mshereheshaji anainamiana na mwalimu mkuu, wananong'ona, wanaangalia kule jikoni. Mshereheshaji akashika kipaza sauti: "Kutokana na ufinyu wa muda, risala haitasomwa. Wahitimu watamkabidhi mheshimiwa mkononi, ataisoma kwa wakati wake."

Nilifikiri nimesikia vibaya. Nikamfuata mkuu nyuma ya spika. Akaniambia, bila hata kuona haya, "Madam, ndafu inapoa."

Mimi ni Mchaga. Ndafu ni ya kwetu, nimeila harusini, nimeila kwenye kipaimara, nisisingiziwe kwamba nachukia nyama. Mbuzi akichomwa mzima, akaingizwa amesimama juu ya sinia na majani mdomoni kana kwamba bado anakula, ni heshima kubwa. Lakini heshima hiyo huwa ni ya mwenye shughuli. Wenye shughuli siku ile walikuwa wale watoto. Walimwingiza mbuzi kwa ngoma, wakamzungusha mara ya kwanza, wakamzungusha ya pili ili mpiga picha apate vizuri, mheshimiwa akakata kipande akamlisha mkuu, mkuu akakata akamlisha mheshimiwa, mwenyekiti naye akalishwa. Ukipima muda wa kulishana tu, mtoto yule angesoma risala akairudia.

Wakamwita aje kukabidhi. Alikwenda na joho lake, akapiga goti, akatoa karatasi kwa mikono miwili. Mheshimiwa akaipokea kwa mkono mmoja, wa pili una mafuta, akaiweka mezani na kuikalisha chupa ya soda juu yake. Mtoto akabaki amesimama. Nadhani alikuwa bado anasubiri aambiwe asome. Mshereheshaji akamwambia, "Asante mwanangu, rudi ukakae."

Bibi akainuka. Alitengeneza kitambaa chake, akapita mbele ya meza kuu taratibu, akatoka uwanjani akiwa hajala wala hajanywa. Wageni wa mjini hawakuelewa kitu. Sisi wa huku tulielewa. Mzee akiondoka kwenye sherehe yako tumbo tupu, amekuachia kitu kama laana, na hakuna anayetaka kubaki na kitu hicho. Nilimwona mwenyekiti ameacha kutafuna.

Jumatatu mkuu akaniita ofisini, safari hii kwa upole. Kumbe mwenyekiti alimwendea Jumapili baada ya ibada akamwambia, nenda ukalimalize lile jambo la yule mama, mimi ni jirani yake, sitaki makubwa. Na juu ya meza, kati ya chaki na mihuri, nikaona jani la sale limeshafungwa fundo.

Kwa asiye wa huku, sale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo, na makaburini. Ukimkosea mtu ukamletea jani lake, hawezi kukukatalia msamaha. Akikataa, balaa linahamia kwake. Baba zetu walilitumia kwa mambo mazito, ndugu kwa ndugu, damu iliyomwagika. Mkuu wetu alitaka kulitumia kufutia ndafu. Akaniomba nimsindikize kwa sababu bibi ananisikiliza. Nilimwambia sitaki. Halafu nikaenda, nilitaka nione kwa macho yangu.

Tulimkuta bibi uani anamenya kahawa kwa mashine ya mkono, mjukuu anamimina maji. Alipoliona jani aliacha kuzungusha. Alinawa mikono vizuri mpaka kwenye viwiko, akaifuta, akaja. Mkuu akasema maneno yake, kwamba siku ile kulikuwa na haraka, kwamba binadamu hukosea, na tusameheane kama Baba wa mbinguni anavyotusamehe. Bibi akalipokea lile jani kwa mikono miwili akasema amesamehe. Angesema nini kingine? Mwenyekiti, aliyekuja naye, akashusha pumzi na kuanza kusifia ndizi zake.

Hapo ndipo nilipowaka. Walikuwa wamekuja na kufuli, wamemfunga mama wa watu mdomo ndani ya ua wake mwenyewe, wanaiita mila, na sasa wanaulizia chai. Na yule mtoto amesimama na ndoo, hakuna aliyemtupia jicho.

Nikasema, "Mwalimu mkuu, aliyekosewa ni huyu hapa."

Akamgeukia mtoto, akatabasamu lile tabasamu la mbele ya wakaguzi. "Binti yangu, usijali. Mwakani nitakupanga mimi mwenyewe, utasoma wa kwanza kabisa."

Mtoto akaweka ndoo chini. "Mwakani sitakuwepo, mwalimu. Nimemaliza."

"Ee," akasema mkuu. "Kweli."

Kweli. Hicho tu. Amekaa naye shule moja miaka yote, amempa cheti kwa mkono wake Jumamosi, na Jumatatu hakumbuki kwamba amemaliza. Bibi alimwangalia muda mrefu. Niliona mdomo unafunguka, nikaona anaangalia jani mkononi, nikaona mdomo unafungwa. Mwenyekiti akaaga haraka haraka, akasema ana mgonjwa wa kumtazama, na mkuu akamfuata.

Nilibaki nyuma kumuaga bibi. Nilimwambia, "Bibi, mimi ningekuwa wewe ningemwambia."

"Siwezi tena. Nimeshapokea," akasema. Alikuwa anaongea pole pole, anayatafuta maneno ya Kiswahili moja moja. "Hasira yangu wameichukua. Lakini wewe hukupewa jani, mwalimu."

"Sikupewa."

"Basi wewe endelea."

Akarudi kwenye mashine yake. Mtoto akashika ndoo akamimina maji, na maganda mekundu yakaanza tena kutoka upande wa pili.

Mkuu nilimkuta ananisubiri kwenye njia, pale mipaka ya mashamba inapokutana. Mwenyekiti ameshamkimbia. Akaniuliza kama yameisha. Nikamwambia kwa bibi yameisha. Alinitazama kidogo, si mjinga yule, ameelewa. Halafu nikamwona anaangalia ukingo wa njia ambako masale yamejipanga mpaka chini bondeni, na mkono wake unanyoosha vidole kuelekea jani la karibu.

Nikatia mikono yangu yote miwili kwenye mifuko ya sweta, nikateremka mbio.