Upande Aliopaka Fundi Saa

Bi Dobi alikuwa akiliita lile gari Bi Mdogo, na kwa miaka mingi hakuwahi kulitaja kwa wema. Mumewe alilinunua watoto walipokwisha kuhama nyumbani, likiwa limeshachoka na rangi yake ya buluu imepauka. Mume huyo alikuwa fundi saa. Wiki nzima alishinda ameinamia saa za watu, lenzi jichoni, na Jumamosi asubuhi, badala ya kunyoosha mgongo, aliinamia gari.

"Wewe umeoa tena," mkewe alimwambia siku moja kutoka dirisha la jikoni. "Tena bibi harusi ana matairi."

"Ila hajui kupika," alijibu Fundi Saa bila kugeuka. "Ndiyo maana wewe bado upo."

Jirani yao mshonaji alikuwa ukutani akianika nguo, akayasikia yote. Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba Bi Dobi amepata mke mwenza.

Jina la Dobi yeye alilitoa kazini. Alifua mashuka ya hospitali mpaka akastaafu, na kama kuna kitu alichojivunia duniani, basi ni kujua sabuni. Damu aliijua itokavyo, dawa ya majimaji aliijua, hata wino. Kwa hiyo alipoona mumewe anahangaika asubuhi nzima na kigari kimoja, alimwona mvivu. Siku moja Fundi Saa alikwenda kutengeneza saa ya ukutani ya ofisi fulani, na mkewe akaamua kumfurahisha. Saa sita mchana, jua la utosi, alitoa sabuni ya unga na brashi ya kufulia akalisugua gari mlango mmoja baada ya mwingine kama anayetafuta doa la damu kwenye shuka.

Fundi Saa aliporudi alisimama mbele ya mlango wa kushoto kwa muda mrefu. Mikwaruzo ilikuwa imezunguka kila mahali, myembamba kama utando wa buibui, na povu lililokaukia juani lilikuwa limeacha madoa meupe. Hakufoka. Hakuwa mtu wa kufoka, na hilo ndilo lililokuwa likimuudhi mkewe kuliko kelele.

"Mke wangu," alisema, "hili si shuka."

Tangu siku hiyo Bi Dobi alipewa kazi moja tu, kushika mpira wa maji. Aliikubali shingo upande, kisha akaizoea, kisha ikawa ndiyo saa aliyoipenda katika wiki nzima, ingawa asingekiri hata kwa kuchapwa.

Na kwa kuwa alisimama pale kila Jumamosi, mambo yote aliyashika. Gari huoshwa kivulini, bati likiwa limepoa. Ndoo ni mbili, moja ya povu na moja ya kusuuzia kitambaa, maana mchanga ukirudi kwenye rangi hugeuka msasa. Unaanza paani unashuka. Taulo likianguka chini limeshastaafu, linakwenda kupiga deki. Likishakauka gari ndipo kopo la nta linapofunguliwa. Fundi Saa alipaka nta kidogo kidogo kwa viduara, akasubiri ifanye ukungu, akaifuta kwa fulana kuukuu mpaka rangi ikatoa macho. Halafu akasema, "Haya, Bi Mkubwa, mimina."

Bi Mkubwa alimimina, na maji hayakutandaa. Yalisimama matone matone, kila tone limejitenga na mwenzake. Fundi Saa aliyatazama kama baba anayetazama watoto wake wakila.

Nta hiyo haikai milele. Jua huila, mvua huila. Ikichoka, maji huanza kulala chapati juu ya bati, na hapo Fundi Saa aliiondoa yote kwa sabuni kali ya vyombo kabla ya kupaka nyingine. "Nta mpya haikai juu ya nta kuukuu," alikuwa akisema, na aliwafundisha hivyo watoto wake wote, ingawa aliyesikiliza ni kitindamimba peke yake.

Jumamosi aliyofariki, Fundi Saa alikuwa ameiondoa nta kuukuu gari zima, na amekwisha paka mpya kwenye boneti, upande wote wa kulia, na nusu ya paa. Bi Dobi aliingia ndani kutazama chai. Alipotoka na vikombe alimkuta mumewe amekaa chini, ameegemea gurudumu, fulana ya kufutia ikiwa bado mkononi.

"Suruali niliyoifua jana ndiyo unaifagilia uwanja?" alimwuliza.

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyomwambia mumewe, na hata hayo mumewe hakuyasikia. Bi Dobi alizika, akapokea watu, akaaga watu, na katika yote hayo jambo lililomchoma halikuwa kifo chenyewe, kwani kifo kila mtu anacho. Lililomchoma ni kwamba alikuwa jikoni. Miaka yote alisimama pale na mpira wake, na dakika ile moja iliyokuwa na maana alikuwa ameinamia sufuria.

Watu walipokwisha kutawanyika, gari lilikaa uani likishika vumbi. Bi Dobi hakujua kuendesha. Kwa muda hakutaka hata kulitazama. Kisha asubuhi moja alipiga moyo konde, akajaza ndoo zote mbili, akaliosha kama alivyoona likioshwa. Alipomimina maji ya mwisho alishtuka. Upande wa kulia matone yalisimama. Upande wa kushoto maji yalitandaa yakateremka ovyo. Katikati ya paa kulikuwa na mpaka, si wa kuchora lakini dhahiri, na mpaka ule ulikuwa mahali mkono wa mumewe uliposimama.

Aliuweka mpira chini akalia, na kilio kile kilikuwa kikubwa kuliko cha mazishini.

Kuanzia hapo hakukosa Jumamosi. Hakuthubutu kutumia sabuni kali, wala kusugua, wala kuacha kinyesi cha ndege kilale juu ya boneti. Kitambaa alikipitisha upande ule wa kulia kama mtu anayemfuta mgonjwa uso. Hakujidanganya. Alijua nta itaisha, na kweli matone yalikuwa yameanza kulegea pembeni mwa boneti. Alichotaka ni iishe yenyewe, polepole, mbele ya macho yake, yeye akiwa amesimama pale na mpira mkononi. Buriani ile ya kwanza aliikosa. Hii aliitaka.

Hakumwambia mtu. Angeanzia wapi? Jirani mshonaji alimwonea huruma akamshauri. "Shoga yangu, liuze. Unamwoshea nani?"

"Namwogesha mke mwenzangu," Bi Dobi alisema. "Tumeachwa wote wawili, tutafanyaje?"

Walicheka, na mazungumzo yakahamia kwingine. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini nani huwakumbuka wahenga wakati wa kuficha?

Kitindamimba alikuja likizo. Alikuwa fundi umeme, kazi yake mbali, na siku ya msiba alifika kaburi likiwa limeshafunikwa. Tangu hapo alizungumza na mama yake kuhusu kila kitu isipokuwa hilo. Alibadilisha balbu zote za nyumba, hata zilizokuwa zikiwaka vizuri. Alitengeneza komeo la lango. Bi Dobi alimwona anatafuta cha kufanya kwa mikono, akamwacha.

Ijumaa dada yake Bi Dobi aliteleza bafuni akavimba mguu, ikabidi Bi Dobi akalale kwake. Alirudi Jumamosi mchana, kikapu mkononi, akijisemea moyoni kwamba leo kachelewa lakini kivuli cha nyumba kitakuwa kimeshafika uani, ataosha. Alifungua lango.

Gari lilikuwa linang'aa pande zote. Kijana wake alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa, suruali imekunjwa mpaka magotini, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Mama, usiseme kitu kwanza. Zunguka uone."

Bi Dobi hakuzunguka. "Umeliosha?"

"Kuosha tu? Nimepaka na nta. Nimelikuta kopo la baba stoo, nimelimaliza. Gari lilikuwa limefubaa, mama, na wewe unahangaika nalo peke yako. Nikaona aibu. Nimeanza alfajiri, jua halijatoka."

"Na ile ya zamani?"

"Nimeiondoa yote," alisema kijana, na sauti yake ilijaa fahari. "Kwa sabuni ya vyombo, mara mbili. Unakumbuka alivyokuwa akisema? Nta mpya haikai juu ya nta kuukuu."

Bi Dobi alikitua kikapu chini. Akashika kioo cha pembeni, na kioo kilikuwa safi kabisa, hakina hata alama ya kidole.

"Nakumbuka," alisema.

Kijana alisimama. Tabasamu lilikuwa limeanza kumtoka. "Nimekosea kitu? Sikumzika, mama. Nikasema angalau hii kazi yake niifanye kama alivyotaka, nusunusu asingeipenda. Angekuwapo angesemaje?"

Bi Dobi alimtazama mwanawe. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja kwa maji, na kwenye ukosi wa fulana palikuwa na ukungu mweupe wa nta, palepale ulipokuwa ukimshika baba yake. Neno lilimfika mama kooni. Angelisema, kijana angelibeba maisha yake yote, na tayari alikuwa na mzigo wake. Akalimeza.

"Angetafuta pa kukosoa akakosa," alisema. Na hilo halikuwa uongo. Mumewe angefurahi kupita kiasi, na kujua hivyo kulimwumiza kuliko yote.

"Basi shika mpira," kijana alisema, uso umemfunguka tena. "Haya, Bi Mkubwa, mimina."

Alimimina. Matone yalisimama boneti nzima, kulia, kushoto, mpaka kwenye mlango wa mikwaruzo. Bi Dobi alizunguka taratibu, akapandisha maji paani, akatafuta ule mpaka. Alitazama usawa wa mlango wa nyuma, akasogea, akarudi. Matone yalikuwa sawasawa toka ukingo hadi ukingo.

"Unatafuta nini huko juu?" kijana aliuliza. "Hata ukitafuta mpaka kesho, mama, hupati doa."

"Najua, baba," alisema Bi Dobi. "Naangalia tu."

Hii ilikuwa mara ya pili buriani imempita akiwa hayupo. Aliendelea kumimina mpaka mwanawe alipokwenda mwenyewe kufunga bomba.