Madoa Meupe Kichwani mwa Mageni

Kule Rwamgasa, Mageni alikuwa fundi wa matimba, yale magogo yanayozuia duara, yaani shimo la dhahabu, lisiporomoke. Wachimbaji hawakushuka mpaka yeye aseme. Kwa miaka ishirini na sita hakufukiwa mtu kwenye duara alilolijenga. Uzeeni alihamia Ngokolo, Shinyanga mjini, na mkewe Martina, akawa analima mchicha.

Kwanza alisahau majina. Kisha miguu ikaanza kuburuta, akatembea kama mtu anayepita kwenye tope. Siku alipoingiza miguu kwenye mikono ya shati, akashindwa kujinasua, akaketi akilia, Martina alimpigia simu binti yao Vaileth aliyeko Kahama. Martina alishuku zebaki ya kukamatia dhahabu, Vaileth alishuku uvimbe. Wote wawili, bila kuambiana, waliomba kionekane kitu cha kutolewa.

Kipimo cha MRI kilifanyika Mwanza. Daktari aligeuza kioo cha kompyuta, akawaonyesha ubongo uliotapakaa madoa meupe, na hapa na pale vidoa vyeusi ambako damu ilivujia. Akaeleza taratibu kwamba mishipa midogo kabisa imekakamaa kwa presha ya miaka mingi, na sehemu ilizokuwa ikizilisha zimeharibika.

"Sasa mnayatoaje?" Martina aliuliza.

"Hayatolewi, mama. Tutashusha presha ili yasiongezeke upesi. Palipokwisha kufa hapafufuki."

Martina akataka kujua doa la kwanza liliingia lini. Daktari alisema hakuna ajuaye, huenda miaka kumi na mitano nyuma. Miaka ile ndiyo Mageni alipoacha vidonge vya presha, na Martina ndiye aliyemshauri apumzike kuvinywa, maana vilimpeleka chooni usiku kucha. Hilo hakumwambia daktari, wala Vaileth.

Tangu hapo alimwekea mumewe vidonge ulimini kila asubuhi kwa mkono wake. Presha ikashuka. Akili ya Mageni haikurudi.

Mwezi wa Septemba Mageni alimkuta Martina jikoni, akavua kofia kwa adabu.

"Shikamoo, mayu," alisema, kama Msukuma anavyomwamkia mama asiyemfahamu. "Naomba unielekeze. Mke wangu ananisubiri nyumbani."

Martina akaitikia marahaba. Akamvutia kigoda, akamwomba aketi kwanza, uji unakaribia kuiva.