Viti Vinne vya Kusikilizia Kitabu

Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo mkiona naruka huku na huku mnivumilie. Jirani yangu hapa Erdington, Uingereza, alikuwa Mtamili wa Sri Lanka, mzee mjane kama mimi. Zamani alifundisha hesabu Kenya, na Kiswahili chake kilikuwa bado kinatembea, ingawa kwa mkongojo. Wajukuu zangu nikiwasemesha hunijibu Kiingereza. Yeye alinijibu. Nilimwita Mwalimu.

Siku moja asubuhi akanigongea mlango, amevaa koti la harusini.

"Mzee, una nafasi? Nimemaliza kitabu. Mashairi ya kumkumbuka mke wangu."

Nikampa hongera.

"Bado si kitabu. Kwetu tangu kale mtunzi husoma kwanza mbele ya baraza. Wapinge, ajibu. Asipopingwa na mtu, hizo ni karatasi tu."

Wenzake wa kumsikiliza wamekufa au wamehamia London. Mwanawe Kitamili anakielewa, kukisoma hawezi. Na mwisho wa mwezi huyo mwana alikuwa anakuja kumchukua akaishi naye.

"Mwalimu, mimi Kitamili sijui hata cha kuombea maji."

"Masikio unayo?"

Nikaenda. Sebuleni alikuwa amepanga viti vinne. Nikakalia kimoja, vile vitatu nikajitahidi nisivitazame. Akasoma kama anayeimba, na kila shairi akanieleza. Nisiwadanganye, nilisinzia kidogo, hita ilikuwa kali. Jina la mke sikulisikia popote. Akasema mashairi yao ya mapenzi, tangu miaka kama elfu mbili, hayamtaji mtu jina. Mahali ndipo panaposema: mlima ni kukutana, msitu ni kungojea, mashamba ya mpunga ni ugomvi, pwani ni kulia, nyika kavu ni kutengana.

"Sasa hapa je?" nikamuuliza. "Mkeo umemzika hapa, na mvua hii, na mapipa haya ya taka. Hapa ni wapi katika hayo matano?"

Akafunga daftari. Nikajua nimemuudhi.

"Hilo ndilo pingamizi," akasema, akanifungulia mlango nitoke.

Wiki mbili sikumwona. Siku mwanawe anapakia masanduku garini, Mwalimu akanishika mkono pale nje.

"Ile nyika haina ardhi yake. Ni mlima ule ule, msitu ule ule, jua likishauunguza. Nimeandika hivyo: hapa ni pale tulipokutana, ila yeye hayupo. Hata mvua ikinyesha, ni nyika. Baraza linasemaje?"

Nikamwambia kitabu kimepita.

Nyumba yake sasa wamepanga vijana, hunipungia mkono. Haya yangu nimeyaandika bila jina la mtu, kama alivyonieleza. Jana niliweka viti vinne, nikasoma kwa sauti mpaka mwisho.

Hakuna aliyepinga.