Mwakilishi wa Kuangalia Vilima

Juzi nilikuwa ku réception ya salle moja hapa Bunia, nikiacha CV yangu ya ngapi sijui, mama mmoja akafika na tricycle yake ya mikono. Kesho yake wangefungua exposition ya tableaux, picha za kuchorwa, kule juu ku étage, na moja iko ya vilima vya Kpandroma, kwao, kule vita ilimukimbiza.

"Papa, nitapanda ngazi namna gani?"

Chargé wa protocole, mwenye kupokea wageni, hakuinua hata kichwa. "Mama, utume mwakilishi. Ataangalia, atakuletea rapport."

Rapport ya vilima vya kwao!

"Lakini kesho neuf heures, saa tatu ya asubuhi, usikose hapa chini," akaongeza. "Nyinyi handicapés mutapiga photo na wakubwa."

Mama akaninyooshea kidole. "Ku photo nitatuma mwakilishi. Huyu hapa. Iko na miguu mbili na hana kazi."

Mimi, licencié mzima wa université, nikaitika: "Présent!"

Kesho yake tableaux zote zilikuwa chini mu cour, uwanjani. Kumbe vilima vinajua kushuka ngazi, ukitishia kuharibu photo ya wakubwa. Wakubwa wakajipanga, wakacheka meno yote. Mama akasimamisha tricycle mbele ya Kpandroma yake, akapatia photographe mugongo.